Munich mpaka Croatia na hema, watoto watatu na bibi: mwongozo wa kempingi kwa gari

Naandika hii mara moja ili nikiulizwa tena niwe natuma tu, maana nimechoka kurekodi voisi za dakika saba saba. Sisi tunakaa Munich, mimi, mke wangu na watoto watatu (miaka 12, 8 na 4), na kiangazi kilichopita mama mkwe alikuwa kaja kutoka Tanga kutusalimia kwahiyo naye akaingia kwenye gari. Aliposikia tunaenda kulala kwenye hema akauliza, hivi nyie huku Ulaya nyumba zimeisha? Tulizunguka siku 14: Bled kule Slovenia usiku nne, Istria ambayo ni rasi ya Croatia inayotazamana na Italia usiku sita, pwani ya karibu na Venice usiku mbili, mmoja milimani karibu na Bolzano kaskazini ya Italia, halafu nyumbani. Ilikuwa safari yetu ya nne ya hivi, na zile za mwanzo ndio zilitupa akili, hasa ya kwanza kabisa ambayo tulilala wote kwenye gari nje ya geti la kempu huku mtoto analia na mimi najifanya kila kitu kiko sawa.

Kwahiyo sheria yangu ni moja na mengine yote humu yanaizunguka: saa kumi jioni uwe umeshafika. Ukifika saa kumi hema linasimama kwenye mwanga, watoto wanaoga, sufuria inakaa jikoni. Ukifika usiku geti limefungwa, hema hulioni, watoto wana njaa, na mke na mume mnaanza kukumbushana mambo ya mwaka juzi.

Hatua 1: Karatasi kwanza

Watu wanasema Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zilizokubaliana kuondoa ukaguzi mipakani, hamna mpaka unapita tu. Ndio, unapita, mpaka siku wakusimamishe. Slovenia na Italia zilirudisha ukaguzi mipakani mwaka 2023, na Ujerumani nao wanakagua ukiwa unarudi kutokea Austria, kwahiyo kila mtu ndani ya gari awe na pasipoti yake, watoto pia, na mwenye kibali cha ukaazi abebe kadi yenyewe, siyo picha ya kwenye simu. Kibali cha nchi moja ya Schengen kinakuruhusu kutembea nyingine siku 90 ndani ya kila siku 180. Croatia iliingia Schengen na kuanza kutumia euro siku ileile, 1 Januari 2023, kwahiyo yale maelezo ya zamani ya viza ya pembeni na kubadilisha hela yaacheni.

Kama unasafiri na mzazi aliyekuja kutoka nyumbani, soma viza yake kabla hujachora njia. Ya bi mkubwa ilikuwa ya kuingia mara moja, ambayo haina shida kabisa ukibaki ndani ya Schengen, lakini mkiona Bosnia, ambayo haimo Schengen, iko jirani mkasema ngoja tukale mchana Mostar halafu turudi, viza imekufa hapo hapo na bibi harudi Munich na nyie. Wanaoshuka mpaka Dubrovnik zamani ilibidi wakatize kipande cha Bosnia pale Neum, ila tangu Julai 2022 kuna daraja la Pelješac linakupitisha juu ya bahari bila kutoka Croatia. Na bima ya safari ya mgeni, ile ya euro 30,000, iwe inafanya kazi Schengen nzima siyo Ujerumani peke yake.

Leseni ya Tanzania hapa Ujerumani inakubalika miezi 6 tu tangu uhamie, baada ya hapo ni mtihani wa karatasi na wa barabarani, hamna mkato, kwahiyo usije ukamkabidhi shemeji usukani kwa sababu "anaendesha vizuri Dar". Mzazi anayesafiri na watoto peke yake abebe barua ya ruhusa ya mwenzake. Gari likiwa la kukodi, uliza kwa maandishi kama linaruhusiwa Slovenia na Croatia, maana sisi kampuni moja kwenye simu walisema hamna shida, kufika kaunta tukaambiwa kuna hela ya ziada, na maneno ya kwenye simu hayana risiti.

Hatua 2: Chora njia fupi kuliko unavyotamani

Hapa ndio wengi wanaharibu. Unafungua ramani unaona Paris, Barcelona, Roma, Vienna, vyote viko karibu karibu, unasema siku 14 zinatosha nchi nane. Zinatosha, kama unaendesha basi la Arusha. Na watoto na hema kila kuhama ni siku nzima: kubomoa, kufungasha, kuendesha, kusimamisha, kutafuta choo kiko wapi. Sisi tunahama mara tatu au nne tu kwa wiki mbili, basi.

Hesabu yangu: chukua muda unaopewa na ramani ya simu, uzidishe mara moja na nusu. Munich mpaka Bled ramani inasema kama saa nne, mimi nahesabu sita. Ukiondoka saa tatu asubuhi unafika saa tisa alasiri, safi kabisa. Ikizidi saa sita kwa hesabu hiyo, kata katikati ulale, ndio maana wakati wa kurudi kutoka Venice tukalala karibu na Bolzano, ambapo kila mtu alisema si mnyooshe tu mfike nyumbani.

Usisafiri Jumamosi ya Julai au Agosti. Jumamosi ndio siku ambayo Ujerumani, Uholanzi na nusu ya Denmark wanateremka baharini kwa pamoja, na wote mnapita kwenye matundu mawili, handaki la Tauern ndani ya Austria na handaki la Karawanken la kuingilia Slovenia. Sisi tunaondoka Jumanne. Na usifike Italia wiki ya tarehe 15 Agosti, wenyewe wanaiita Ferragosto, nchi nzima iko ufukweni na bei zinapanda mlima.

Hatua 3: Kubuku kempu

Kwanza kabisa, kulala popote unapopapenda ni habari za Norway na Sweden, kule sheria inaruhusu ukikaa mbali na nyumba za watu. Slovenia, Croatia na Italia usijaribu, hasa Croatia, faini yao inaumiza na wanapita kweli usiku kugonga kioo.

Kempu za ufukweni Istria ni kubwa kama mitaa, zina duka, bwawa la kuogelea, na Agosti familia ya watu watano sita si ajabu kulipa euro 80 na kuendelea kwa usiku. Mwezi Juni au Septemba palepale unalipa karibu nusu. Kama watoto hawajaanza shule usifikirie mara mbili, nenda Juni. Kuna kadi ya ACSI inayoshusha bei nje ya msimu, inahesabu watu wazima wawili na watoto unaongezea, kwa familia ndogo inajilipa ndani ya siku chache. Juu ya bei ya kiwanja kuna kodi ya watalii kwa kila kichwa kwa kila usiku, watoto wadogo mara nyingi hawalipi au wanalipa nusu, usidhani umeibiwa.

Ukibuku uliza vitu vinne: kivuli kipo? (hema juani saa moja asubuhi ni tanuri), umeme ampea ngapi, mapokezi wanafunga saa ngapi, na choo kiko mbali kiasi gani. Hilo la choo usicheke. Mtoto wa miaka minne saa nane usiku, na bibi mwenye magoti, mita 200 ni safari ya Bagamoyo.

Halafu angalia herufi tatu, FKK. Ukiziona kwenye jina la kempu au kwenye ramani ya ufukwe, maana yake watu wanakaa uchi. Siyo mambo mabaya, ni familia za kawaida kabisa na wazee wao wanacheza mpira wa wavu, Istria wana utamaduni huo tangu 1961 ilipofunguliwa Koversada pale Vrsar, lakini kama uko na mama mkwe wa Tanga na kanga yake, ni vizuri kujua mapema. Sisi tulijua tukiwa tunatembea kwa miguu kufuata pwani, tukapita kibao, tukageuka wote sita kama jeshi. Bibi hakusema neno mpaka jioni, akasema, "wale wanaume wameungua vibaya, hawana mafuta?"

Hatua 4: Lipia barabara kabla hujaikanyaga

Ujerumani hawei ni bure kwa gari dogo. Austria na Slovenia unanunua vinyeti, ile ruhusa ya kupita kwenye hawei, siku hizi inaunganishwa na namba ya gari kwenye mtandao, Austria ipo ya siku 1 na ya siku 10, Slovenia ya wiki. Nunua kwenye tovuti za wenye barabara wenyewe, Austria ni ASFINAG na Slovenia ni DARS. Ukitafuta tu kwenye intaneti zinakuja tovuti kibao za madalali zinazofanana na za serikali, mwaka mmoja tuliuziwa karibu mara mbili ya bei na moja ya hizo, vinyeti ilikuwa halali lakini hela imeenda. Ukiandika namba ya gari isome herufi moja moja, O na 0 zimewaliza watu.

Sasa wengi hawajui kwamba vinyeti ya Austria haihusu kila kitu. Kipande cha Tauern unalipa pembeni, Karawanken unalipa pembeni, na Brenner, njia ya milimani ya kutoka Italia kuingia Austria, wakati wa kurudi unalipa pembeni. Unaweza kulipa mapema mtandaoni au getini kwa kadi. Croatia na Italia ni mfumo mwingine, unachukua tiketi ukiingia unalipa ukitoka kutegemea umbali. Italia getini angalia rangi: njano imeandikwa Telepass usiingie kabisa kama huna kile kidude chao cha kulipia bila kusimama, bluu ni kadi, nyeupe ni keshi. Ukiingia njano kwa bahati mbaya usirudi nyuma jamani, pita, barua ya kulipa itakuja. Uswisi hatukupita safari hii ila wanaopita wajue vinyeti yao ipo ya mwaka mzima tu, franka 40, hata kama unakatiza saa tatu, na simu ya Umoja wa Ulaya inayotumia bando lako bure nchi nyingine, Uswisi haimo, zima data mpakani.

Ndani ya gari weka vesti za kung'aa, moja kwa kila mtu na ziwe karibu siyo chini ya mizigo, pembetatu ya tahadhari, na kisanduku cha huduma ya kwanza. Siti ya mtoto Ujerumani ni lazima mpaka afike miaka 12 au sentimita 150. Mafuta usijaze kwenye hawei, toka nje kidogo uone tofauti. Na Italia "gasolio" ni dizeli, siyo petroli, jina linadanganya. Pampu ya "servito" ni ya kuhudumiwa na bei imepanda, nenda "self".

Hatua 5: Kulala vizuri

Hema kwanza. Kama ni familia ya watu watano, nunua lililoandikwa watu saba au nane, hao wanaoandika namba wanapima watu bila mabegi. Lijaribuni nyumbani, kwenye bustani au kiwanja cha watoto, mara mbili, na mara ya pili watoto washiriki kila mmoja na kazi yake. Sisi wa 8 anashika vigingi, wa 12 fito, wa 4 anapewa nyundo ya mpira kwa sababu tusipompa anaichukua.

Vigingi vinavyokuja na hema vitupe. Istria ardhi ni jiwe juu ya jiwe na vile vya bati vinakunjika kama uma wa plastiki, nunua vya chuma vinene na nyundo ya kweli. Pwani ile kuna upepo unaitwa bura unaoshuka kutoka milimani ghafla, anga jeupe, unakuja unanyanyua. Hema lifungwe kamba zote kila jioni hata kama hewa imetulia.

Baridi ya usiku inatoka chini, siyo juu. Hili ndio kosa la kila Mswahili wa kwanza kempingi, anabeba mablanketi matano ya kujifunika halafu analala kwenye godoro la upepo tupu. Hewa iliyo ndani ya godoro inapoa na ardhi na inakunyonya joto mgongoni. Weka kitu chini ya godoro na kingine juu yake: mkeka wa povu, blanketi la sufi, hata mkeka wetu wa ukindu unasaidia. Bled ni milimani na Agosti usiku inaweza kushuka mpaka nyuzi 10 na kitu. Bibi tulimletea kitanda cha kukunja, cha miguu, na hapo napo tukaweka povu juu yake kwa sababu chini ya kitanda upepo unapita. Alilala kuliko sisi wote.

Tochi za kichwani moja kwa kila mtu. Dawa ya mbu, hamna malaria ila pwani ya Venice wanauma kama Rufiji. Kupe ndio wa kuogopa: Bavaria, Austria na hasa Slovenia kuna kupe wenye virusi vya homa ya ubongo, chanjo ipo na inaanza miezi kabla maana ni dozi kadhaa, ongea na daktari wa watoto kipindi cha baridi. Jioni kagua watoto nyuma ya masikio, kwapani, nyuma ya magoti.

Na chupa ya maji ya chooni beba yako. Karatasi zipo, maji ndio hakuna, mnanielewa.

Hatua 6: Umeme na jiko

Kempu za Ulaya zinatumia plagi ya bluu ya duara ya pini tatu, siyo ya nyumbani, nunua adapta yake na ekstensheni ya mita 25. Sasa hesabu: ampea 6 mara volti 230 ni kama wati 1,380. Birika la umeme la kawaida linakula wati 2,000. Unaona linapoelekea. Usiku wetu wa kwanza Croatia miaka ile niliwasha birika nichemshe maji ya uji, paa, giza, siyo kwetu tu, na majirani wawili, na fyuzi iko kwenye boksi lililofungwa na mwenye ufunguo ameshalala. Wale majirani walikuwa waungwana ila friji zao za bia zilikuwa zimezima kwahiyo uungwana ulikuwa na mpaka. Nunua birika dogo la safari lenye wati chini ya 1,000, au chemsha kwenye gesi.

Gesi, makopo yanatofautiana. Yapo ya kuskurubu, yapo ya kubofya, na jiko la aina moja halikubali kopo la nyingine, kwahiyo beba ya kutosha ya aina yako au hakikisha unakoenda yanauzwa. Mkaa kempu nyingi za pwani ya Croatia hawataki kiangazi kwa ajili ya moto wa misitu, uliza kabla hujawasha. Na usiwashe jiko wala mkaa ndani ya hema, hata mvua ikinyesha, hata "dakika mbili tu". Ile hewa ya sumu haina harufu, mnalala hamuamki.

Chakula cha usiku wa kwanza pika nyumbani. Hii ni akili ya mke wangu na ninaiibia: pilau na maharage anapika siku mbili kabla, anagandisha kwenye makontena bapa, yanakaa kwenye boksi la baridi badala ya barafu. Njiani yanapoza maziwa na nyama, jioni yameshalainika unapasha tu. Dakika ishirini tangu hema lisimame watu wanakula pilau, na wale Waholanzi wa pembeni wanakula mkate.

Unga tulibeba kilo tano kutoka Afro shop, tulijisumbua bure. Kumbe kaskazini ya Italia polenta yao ni unga wa mahindi, wa njano, ipo kila supamaketi, chukua uliosagwa laini kabisa, ule mkavu wa chenga unachelewa. Croatia ukiona "kukuruzno brašno" ndio huohuo. Ukienda soko la Pula, mji wa hukohuko Istria, asubuhi unakuta sadini wabichi, wanaita srdele, na mboga moja inaitwa blitva ambayo ukiikaanga na kitunguu na nyanya bibi mwenyewe alisema hii mchicha. Kwahiyo tulikula ugali, mchicha na samaki kama tupo Tongoni, kwenye kiti cha kukunja. Wasiokula nguruwe jifunzeni majina: Schwein, maiale, svinjetina, na ćevapi za Croatia, vile vijiti vya nyama ya kusaga ya kuchoma, uliza kwanza maana nyingine wanachanganya.

Jumapili Austria na Ujerumani maduka yamefungwa, na Croatia tangu 2023 kila duka linaruhusiwa Jumapili 16 tu kwa mwaka, kwahiyo Jumamosi ndio siku ya kununua maziwa.

Hatua 7: Siku ya kuondoka

Gari lifungashwe usiku wa kabla. Mpangilio: kitakachohitajika kwanza kinaingia mwisho. Hema, nyundo na mkeka viwe mlangoni kabisa, mabegi ya nguo ndani. Kila mtoto begi moja dogo la kukaa nalo miguuni. Keria ya juu weka vyepesi, siyo mitungi.

Kwenye foleni za Ujerumani na Austria kuna njia ya gari la wagonjwa: magari yakianza kusimama tu, wa leni ya kushoto asogee kushoto kabisa, wengine wote kulia, katikati pabaki wazi hata kama husikii king'ora. Ni sheria na faini yake siyo ya kuchezea. Na simu ikikwambia toka hawei pita kijijini kukwepa foleni, mikoa ya Tirol na Salzburg kule Austria wikiendi za kiangazi wamepiga marufuku barabara nyingi za namna hiyo, polisi yupo pale anakurudisha kwenye foleni ileile uliyoikimbia, sasa uko nyuma ya wale uliowapita. Nimeshafanyiwa.

Simama kila saa mbili, siyo kwenye vituo vya mafuta vyenye vitu vya kununua, simama vile vituo vidogo vya kupumzikia vyenye meza na nyasi. Mpira mmoja kwenye buti. Dakika ishirini za kukimbia zinanunua saa mbili za amani.

Hatua 8: Saa ya kwanza

Mapokezi ya kempu nyingi wanapumzika saa saba mpaka saa tisa mchana, geti linashushwa na hata waliomo ndani hawaruhusiwi kuwasha magari. Usiku kimya kinaanza saa nne. Ndio maana nasema fika kati ya saa tisa na saa kumi, siyo kwa sababu napenda kuamrisha watu.

Mmoja aende mapokezi na pasipoti zote, mwingine atembee na watoto kiwanja kizima kwa miguu kabla gari halijafunguliwa: choo kiko wapi, maji wapi, jua linatua upande gani. Mlango wa hema usitazame upepo wala njia ya watu wanaoenda chooni. Usisimamishe bondeni hata kama pana nyasi nzuri, mvua ya milimani ikija maji yanajua njia. Halafu hema, halafu magodoro, halafu pilau. Viti na taa za urembo baadaye.

Hatua 9: Mkishafika, punguzeni mbio

Bled asubuhi mapema ziwa ni lenu peke yenu, baada ya saa nne ni mabasi. Boti za kupiga makasia zinakodishwa mnaenda kisiwani, kuna ngazi 99 mpaka kanisani, bibi alizihesabu akapata 97 na hakubali mpaka leo. Siku ya joto nendeni Bohinj, ziwa kubwa zaidi na watu wachache. Mkihama kwenda Istria pitieni pango la Postojna, liko njiani kabisa na treni inawaingiza ndani, ila ndani ni nyuzi 10 hata kama nje ni 33, kwahiyo masweta yasiwe chini ya buti.

Istria watoto hawataki kwenda popote, wanataka maji tu, na ni sawa. Viatu vya majini nunua, fukwe ni mawe na kuna vile vidude vyeusi vya miiba kama mpira wa sindano, wa pwani mnavijua. Siku moja tulikwenda Pula kuona uwanja wa Warumi wa karne ya 1, umesimama katikati ya mji kama umesahaulika. Siku nyingine Rovinj jioni. Siku nne zilizobaki hatukufanya kitu na hizo ndio wanazosimulia shuleni.

Hatua 10: Kurudi

Venice gari haliingii, na usijaribu kulala karibu. Piga kambi pwani ya Cavallino, acha gari, chukua boti Punta Sabbioni inakuteremsha karibu na San Marco, na njia hiyo ya majini ndio utalii wenyewe. Tangu 2024 kuna siku ambazo mgeni wa siku moja analipia kuingia mjini, watoto chini ya miaka 14 hawalipi, kagua tarehe yako. Miji mingine ya Italia, Verona kwa mfano, angalia kibao cha duara jekundu kimeandikwa ZTL, katikati ya mji ambapo kamera inapiga picha namba yako na barua inakufuata Ujerumani miezi kadhaa baadaye, umeshasahau hata ulikula nini siku hiyo. Paki nje, tembea.

Asubuhi ya mwisho hema likiwa na umande usisubiri likauke ukachelewa, likunje bichi, lakini usiku huohuo mkifika nyumbani lifunguliwe. Siku mbili kwenye mfuko linaota ukungu na harufu haitoki tena. Sisi tulilitandaza kwenye ngazi za chini, jirani akapita juu yake na mbwa wake bila kusema kitu, ambayo kwa Munich ni urafiki mkubwa. Bibi alipoondoka Septemba tulimpimia begi kilo 23, akatoa chokoleti mbili na kopo la kahawa ili ipatikane nafasi ya tochi ya kichwani, anasema Tanga umeme ukikatika anapika mikono yote miwili iko huru.